Moi: Miaka 24 Madarakani, na Yale Kijana Muislamu Afaa Kuyajua



Ndugu zangu vijana, leo nataka tuzungumze kuhusu mzee Daniel Toroitich arap Moi. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa wadogo sana alipotoka madarakani 2002, na wengine hamkuwa mmezaliwa. Mwamjua kwa jina la barabara, la shule, la uwanja wa ndege wa Mombasa, na kwa zile video za mazishi yake ya Februari 2020. Siku zile runinga zilimsifu kutwa kucha, na mitandaoni wengine wakamtukana kutwa kucha. Mimi sitafanya hilo wala lile. Dini yetu imetufunza kumtendea haki hata mtu tusiyempenda. Basi tutamweka kwenye mizani, tuone alichofanya, alikifanyaje, na sisi tulikuwa wapi.

Tuanze mwanzo. Moi alizaliwa Septemba 1924 huko Sacho, Baringo. Babake alifariki yeye akiwa mdogo. Alichunga mifugo, akasoma shule za wamishonari, akawa mwalimu. Hakuzaliwa katika nyumba ya chifu mkubwa wala tajiri. Mwaka 1955 akaingia kwenye baraza la kutunga sheria la wakoloni, Legco. Mwaka 1957 Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wanane, Moi alikuwa mmoja wa hao wanane. Kwa hiyo wale wanaosema aliokota urais njiani, si kweli. Alikuwa kwenye siasa miaka zaidi ya 20 kabla ya kuingia Ikulu.

Sasa sikilizeni hapa, maana wengi hawajui. Mwaka 1960 Moi alikuwa pamoja na Ronald Ngala wa Pwani katika chama cha KADU. KADU kilikuwa chama cha jamii ndogo ndogo. Sera yake kubwa ilikuwa majimbo, yaani kila eneo lijisimamie, jamii kubwa zisimeze ndogo. Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyasema Moi akiwa kijana. Mwaka 1964 KADU ikavunjwa, viongozi wake wakaingia KANU ya Mzee Kenyatta. Moi akapewa wizara ya mambo ya ndani, na Januari 1967 akafanywa makamu wa rais. Akakaa hapo miaka 11. Huyu mtu wa majimbo ndiye baadaye aliyekuja kuvuta kila kitu kikawa mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo akawa ni yeye.

Miaka hiyo 11 alidharauliwa sana. Mwaka 1976 wanasiasa waliokuwa karibu na Kenyatta walianza kampeni ya kubadilisha katiba ili makamu wa rais asichukue kiti moja kwa moja rais akifa. Walikuwa wakimlenga yeye. Mkuu wa sheria wa wakati huo, Charles Njonjo, akawanyamazisha kwa kusema kuwa ni kosa kuwaza kifo cha rais. Moi akavumilia. Kenyatta alipofariki hapa Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Moi akaapishwa siku hiyo hiyo, na Oktoba akathibitishwa bila mpinzani.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri, na tuseme ukweli. Desemba 1978 aliwaachilia wafungwa wa kisiasa, akiwemo mwandishi Ngugi wa Thiong'o. Akaleta maziwa ya bure shuleni, na wazazi wenu watawaambia kuhusu maziwa ya Nyayo. Akasema atafuata nyayo za Kenyatta, na kauli yake ikawa amani, upendo na umoja. Watu walimpenda. Hilo ni muhimu mlielewe: hakuna aliyemuona Moi mwaka 1979 akasema huyu atakuja kutesa watu. Angesema hivyo angechekwa.

Basi ilikuwaje? Ilikuwa kwa sheria. Moja baada ya nyingine, na kila moja ilipitishwa bungeni mchana, na wabunge wakapiga makofi. Hebu tuzihesabu.

Juni 1982, katiba ikaongezwa kifungu cha 2A kilichosema Kenya itakuwa na chama kimoja tu, KANU. Hoja iliwasilishwa na Njonjo, ikaungwa mkono na Mwai Kibaki, ambaye wakati huo alikuwa makamu wa rais. Ndiyo, Kibaki huyo huyo.

Mwaka 1986, mkuu wa sheria na mkaguzi mkuu wa hesabu wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Yaani rais angeweza kuwafuta anavyotaka. Sasa mkaguzi ambaye anaweza kufutwa na yule anayemkagua, atakagua nini?

Mwaka 1988, majaji nao wakaondolewa ulinzi huo. Sheria hiyo hiyo ikawapa polisi ruhusa ya kumweka mtu ndani siku 14 kabla ya kumfikisha kortini, kwa makosa ambayo adhabu yake ni kifo. Mwaka huo huo ukawa uchaguzi wa mlolongo. Katika mchujo wa KANU hakukuwa na kura ya siri, watu walipanga foleni nyuma ya wagombea. Aliyepata asilimia 70 kwenye foleni alitangazwa mbunge bila hata ya uchaguzi mkuu. Na zipo sehemu ambapo foleni fupi ilitangazwa kuwa ndiyo ndefu, watu wakiangalia kwa macho yao.

Kijana akikosa chama kingine, akikosa jaji huru, akikosa kura ya siri, amebaki na nini? Waliojaribu kusema, wengi walijikuta Nyayo House, Nairobi, katika vyumba vya chini vilivyojazwa maji. Walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, walimu, mawakili, wanasiasa. Miaka mingi baadaye mahakama zetu zilikubali kwamba waliteswa, zikaamuru walipwe fidia.

Sasa tuje kwetu. Waislamu wa Kenya tulikuwa wapi katika miaka hiyo?

Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali. Waliteka kituo cha redio cha taifa, wakatangaza Moi ameng'olewa. Aliyeongoza wanajeshi watiifu kukikomboa kituo kile alikuwa Mahmoud Mohamed, Mkenya Msomali, Muislamu. Baadaye akapandishwa akawa mkuu wa majeshi yote kutoka 1986 hadi 1996. Nduguye, Hussein Maalim Mohamed, akaingizwa katika baraza la mawaziri mwaka 1983, na anakumbukwa kama waziri kamili wa kwanza Muislamu nchini. Wazee wetu walifurahi sana. Wakasema sasa tumefika, tuna mtu wetu kule juu.

Hesabuni miezi. Kutoka Agosti 1982 hadi Februari 1984 ni miezi 18.

Tarehe 10 Februari 1984, wanajeshi wa serikali hiyo hiyo waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia huko Wajir, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Serikali ilisema ni msako wa silaha kwa sababu ya mapigano ya koo. Watu walivuliwa nguo, wakalazwa juu ya ardhi yenye joto kali siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengine walipigwa, wengine walipigwa risasi walipojaribu kukimbia. Serikali ikasema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, TJRC, iliyochunguza baadaye, ilitaja idadi inayokaribia watu 1,000.

Twajuaje haya, ilhali serikali ilitaka yafichwe? Twajua kwa sababu kuna watu waliokataa kunyamaza. Kulikuwa na mwanamke Muitaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir. Alitoka kwenda kutafuta majeruhi na maiti, na habari zikavuka mipaka. Akafukuzwa Kenya. Na kulikuwa na mbunge wa Wajir West, Ahmed Khalif. Huyu alisimama bungeni 1984, katika bunge la chama kimoja, na orodha ya majina ya waliouawa, zaidi ya majina 300. Fikirieni ujasiri huo. Nyayo House ilikuwapo, na kizuizini kulikuwapo. Yeye akasimama na karatasi yenye majina. Baadaye aliitumikia SUPKEM miaka mingi, na alikuwa waziri wa kazi katika serikali mpya ya Kibaki alipofariki kwenye ajali ya ndege Busia, Januari 2003. Mitaani twajua majina ya wachezaji mpira wa Uingereza wote kumi na mmoja na wa akiba. Je, jina la Ahmed Khalif walijua wangapi?

Haikuishia Wagalla. Mwaka 1989 serikali ikaanza kuwachuja Wakenya Wasomali. Kila mmoja atoe ushahidi kuwa yeye ni Mkenya, na akifaulu apewe kadi ya ziada, ile ya pinki, ambayo Mkenya mwingine hakuhitaji. Wakati huo mkuu wa majeshi alikuwa nani? Mahmoud Mohamed, Mkenya Msomali. Waziri Muislamu alikuwako? Alikuwako. Yaani mtu wetu kule juu alikuwa na nyota mabegani, na mama yetu kule chini yuko kwenye foleni akiulizwa babu yake alizaliwa wapi.

Simlaumu yeyote kwa kuwa jenerali au waziri. Nasema tu kwamba cheo cha mtu mmoja hakikulinda watu. Moi alilijua hili vizuri kuliko sisi. Kila jamii alikuwa na mtu wake mmoja mkubwa ndani yake. Hapa Mombasa alikuwa Shariff Nassir, mwenyekiti wa KANU, na wazee wanamkumbuka kwa yale maneno yake ya wapende wasipende. Jamii ikiwa na shida, inaambiwa ipitie kwa mkubwa wake, na mkubwa anapitia kwa rais. Haki inageuka kuwa hisani, na anayekupa hisani siku moja aweza kuizuia siku nyingine.

Mfano wa tofauti upo. Mwaka 1972 ilitungwa Sheria ya Urithi, moja kwa Wakenya wote. Ilipoanza kutumika 1981, Waislamu walikuta mirathi yao inataka kuamuliwa kwa sheria isiyo yao. Maimamu, mawakili na jumuiya wakaipinga mwaka baada ya mwaka, bila kuchoka. Mwaka 1990 bunge likabadilisha sheria hiyo, Muislamu akaruhusiwa kurithiwa kwa sheria ya Kiislamu. Ilifanyika wakati wa Moi, ndiyo. Lakini haikuwa zawadi ya mtu mmoja. Ilidaiwa, na imeandikwa kwenye sheria hadi leo. Moi ameondoka, mkubwa wa KANU ameondoka, kifungu kingalipo.

Twende kwenye miaka ya tisini. Julai 1990 ilikuwa Saba Saba, watu wakitaka vyama vingi. Desemba 1991 Moi akakubali, kifungu cha 2A kikafutwa. Mwaka huo huo ndio ile hali ya hatari ya Kaskazini Mashariki, iliyodumu tangu uhuru ulipokuja, ikaondolewa. Nchi nzima ilikuwa na uhuru wake mdogo wakati watu wa Wajir, Mandera na Garissa wanaishi chini ya sheria za vita. Karibu miaka 28!

Januari 1992 vijana na masheikh wa Pwani wakaanzisha Islamic Party of Kenya, IPK. Serikali ikakataa kukisajili, ikisema chama hakiwezi kuwa cha dini. Sheikh Khalid Balala alikuwa akihutubia Mwembe Tayari, na watu wanajaa. Mei 1992 wahubiri wakakamatwa, Mombasa ikawaka moto, polisi wakaingia. Kisha kikatokea kikundi kingine cha kuwagawa Waislamu Waarabu na Waislamu Waafrika, na watu wengi waliona mkono wa KANU ndani yake. Waliokuwa wakiswali safu moja wakaanza kuulizana nywele na rangi. Balala aliposafiri kwenda Ujerumani, serikali ikakataa kumpa pasipoti mpya ikidai si Mkenya. Hakurudi nyumbani hadi 1997. Mtu aliyezaliwa hapa!

Twaweza kubishana kama IPK ilikuwa wazo zuri, na mbinu zake zote zilikuwa sawa au la. Mimi naona kuna makosa yalifanyika. Lakini raia kunyang'anywa uraia kwa sababu ya kusema, hapo hakuna mjadala.

Moi alishinda uchaguzi wa 1992 kwa karibu asilimia 36, na wa 1997 kwa karibu asilimia 40. Maana yake ni kwamba wengi hawakumtaka mara zote mbili, ila walikuwa wamegawanyika. Na Agosti 1997 hapa Likoni kulitokea jambo ambalo vijana wa Pwani lazima walijue. Vijana wetu waliambiwa kwamba shida zao zote, ardhi, kazi, umaskini, zimeletwa na watu wa bara. Wakapewa viapo na silaha. Tarehe 13 Agosti kituo cha polisi kikavamiwa, askari wakauawa, na wageni wakachinjwa na kuchomewa nyumba. Takriban watu 100 walikufa, na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi, na waliokimbia wengi wao walikuwa wapiga kura wa upinzani. Tume ya Akiwumi ilichunguza ghasia hizo ikataja wanasiasa. Wanasiasa hao walirudi majumbani mwao. Vijana walikamatwa, wakapigwa, na vijiji vya South Coast vikasakwa nyumba kwa nyumba. Ardhi waliyoahidiwa hawakuipata hata shubiri moja.

Agosti 1998 ubalozi wa Marekani Nairobi ulilipuliwa na magaidi, zaidi ya Wakenya 200 wakauawa, Waislamu wakiwemo. Mwezi uliofuata serikali ikafuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu. Hapo ndipo ulipoanza ule mtindo tunaoujua: kosa la mtu mmoja, adhabu kwa jamii nzima.

Tumtendee haki na mwishoni. Katiba ilimkataza kugombea tena 2002, naye akakubali. Alimuunga mkono Uhuru Kenyatta, Uhuru akashindwa na Kibaki, na Moi hakupindua meza. Tarehe 30 Desemba 2002 alikwenda Uhuru Park kukabidhi madaraka, umati ukamzomea na kumrushia matope, akavumilia, akaondoka kwao Kabarak. Marais wangapi Afrika wamefanya hivyo? Vyuo vikuu na shule za wasichana zilizojengwa enzi zake zipo, na kaka na dada zetu wamesoma humo. Haya ni yake na hatumnyimi.

Lakini hakuwahi kufikishwa mbele ya korti kwa Wagalla, wala kwa Nyayo House. TJRC ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, bunge likaikalia. Machi 2015 Rais Uhuru aliomba msamaha kwa niaba ya serikali na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Wajane wa Wagalla wamezeeka wakisubiri, na wengine wametangulia mbele ya haki. Februari 2025 serikali ikatangaza kuondoa ule mchujo wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani. Tangazo ni zuri. Kazi yetu ni kuuliza ofisini: linafuatwa?

Sasa wewe kijana ufanye nini na historia hii? Nakuachia mambo manne.

La kwanza, fuatilia sheria. Moi hakuja na bunduki kuchukua haki za Wakenya, alikuja na miswada. Mswada unapoletwa wa kuongeza siku za kuwekwa ndani, au wa kumpunguzia jaji uhuru, usiseme hayo ni mambo ya mawakili. Sheria ya 1988 ilidumu kwa muda, lakini waliowekwa ndani hizo siku 14 hawakurudishiwa.

La pili, usiuze kura kwa ajili ya kuteuliwa mtu wetu mmoja. Uliza ataandika nini kwenye sheria, na ataleta nini kwenye bajeti.

La tatu, akija mtu kukwambia adui yako ni jirani yako, Mbara, Msomali, Mwarabu au Mmijikenda, kumbuka Likoni. Muulize yeye mwanawe yuko wapi siku hiyo ya viapo.

La nne, keti na wazee wako na uandike. Chukua simu yako, washa rekodi, muulize babu 1984 alikuwa wapi, muulize nyanya kuhusu kadi ya pinki, muulize mjomba kuhusu Mwembe Tayari 1992. Majina, tarehe, mahali. Ahmed Khalif aliweza kusimama bungeni kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakahesabu maiti wao jina kwa jina. Orodha ile haikuandikwa na serikali.

Na kama umefikisha miaka 18 na hujachukua kitambulisho na kujiandikisha kupiga kura, wiki hii nenda. Wazee wetu walipangishwa foleni ya mlolongo kwa nguvu. Foleni hii yako unapanga mwenyewe, na kura yako ni ya siri.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliodhulumiwa, na atuwezeshe kuwa watu wa haki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.